Kula kwenye pabu ya Kiingereza: kuanzia mlangoni hadi kengele ya mwisho

Kwetu Tanga ukiingia baa unatafuta kiti kwanza. Ukishakaa, mhudumu anakuja mwenyewe, anafuta meza, anauliza "ya baridi au ya moto?", na kizibo kinafunguliwa mbele ya macho yako. Kwa mazoea hayo hayo, jioni yangu ya kwanza kwenye pabu moja ya kijijini Oxfordshire nilijichagulia meza ya dirishani nikasubiri. Dakika 40. Watu walipita na glasi zao, mbwa mmoja akaja kunusa viatu vyangu akaenda zake, na mimi nikaanza kuamini kwamba nimebaguliwa. Mwishowe mzee wa meza ya pili akainama na kuniambia kwa upole kwamba kama nasubiri kuhudumiwa nitasubiri mpaka Krismasi. Akanionyesha kaunta kwa kidole.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwenye pabu jembe unakabidhiwa mlangoni: unatafuta kiti mwenyewe, unaagiza mwenyewe, unalipa kabla hujala, unabeba glasi zako mwenyewe. Ukishalielewa hilo, mengi yanayobaki ni rahisi. Nimeandika haya kwa ajili ya mwanafunzi, nesi au mgeni wa wiki mbili ambaye wenzake wamemwambia "Jumapili tunakula pabu, karibu", akaitikia bila kujua anaitikia nini.

Chagua nyumba kabla hujachagua chakula

"Pub" ni kifupi cha "public house", yaani nyumba ya watu wote. Ila nyumba zenyewe hazifanani. Zipo ambazo hazipiki kabisa: bia, karanga, kripsi za pakiti, basi. Zipo za makampuni yenye matawi kila mji, kama Wetherspoon iliyoanza London mwaka 1979, ambako bei ni nafuu, jiko linafanya kazi kutwa nzima na unaweza kuagiza kwa simu bila kuinuka. Zipo zinazojiita "gastropub", pabu zilizoamua kupika kwa bidii kama mikahawa mikubwa. Jina hilo lilianza na The Eagle pale Farringdon, London, mwaka 1991. Juu kabisa iko The Hand & Flowers ya mjini Marlow, pabu ya kwanza kupata nyota mbili za Michelin, kile kitabu kinachopima ubora wa mikahawa. Ya huko inataka mfuko mwingine, na meza unaiweka mapema sana.

Ninayoizungumzia hapa ni ile ya katikati: dari ya chini yenye boriti nyeusi, moto wa kuni, zulia lililofifia, ubao wa chaki ukutani. Itambue kwa ufupi wa menyu yake. Nyumba ndogo yenye vyakula 50 kwenye menyu ina friza kubwa na maikrowevu inayofanya kazi sana. Ubao wenye vyakula vinne au vitano, vingine vimefutwa kwa sababu vimeisha, ni dalili njema kuliko sifa zote za mtandaoni.

Kama una siku mbili tu London, nenda The George, Southwark, hatua chache kutoka stesheni ya London Bridge. Jengo lililopo lilijengwa upya mwaka 1677 baada ya moto, nalo ndilo pekee jijini lililobaki na baraza za ghorofani za enzi za magari ya farasi. Keti uani, tazama juu.

Na usishangae kukuta Red Lion, Crown au Royal Oak kila mahali. Vibao vya picha vilikuwa kwa ajili ya wapita njia wasiojua kusoma, na mpaka leo mtu akikuelekeza njia vijijini atakwambia "ukifika Red Lion kata kushoto". Huo mwaloni wa Royal Oak ni ule aliojificha Mfalme Charles II mwaka 1651, alipokimbia baada ya kushindwa vitani Worcester.

Jiko lina saa zake

Hapa ndipo wageni wanapolala njaa. Pabu inaweza kuwa wazi na jiko limefungwa. Vijijini na kwenye miji midogo kawaida ni saa 6 mchana hadi saa 8 na nusu, kisha saa 12 jioni hadi saa 3 usiku. Ukifika saa 9 alasiri na njaa yako, utapewa pakiti ya kripsi na pole. Jumapili mara nyingi ni mlo wa mchana tu, kuanzia saa 6 hadi saa 10 hivi, au mpaka nyama iishe, na inaisha kweli. Jumatatu majiko mengi hayawashwi.

Kwa hiyo: fungua tovuti ya pabu na utafute saa za chakula, siyo saa za kufunguliwa. Ziko mbali mbali. Kwa Jumapili piga simu siku kadhaa kabla uweke meza. Ukiandikiwa saa 7 mchana, hiyo si saa 7 ya harusi. Wakikusubiri robo saa bila taarifa, meza inaweza kwenda kwa mwingine, na hakuna atakayeona amekukosea.

Kama pabu iko shamba, angalia pia utakavyorudi. Mabasi ya vijijini Jumapili ni machache na mengine hayapo kabisa, na teksi huwezi kuipungia mkono barabarani. Mimi na mwenzangu tuliwahi kutembea karibu kilomita 6 gizani kwa tochi ya simu, matumbo yamejaa, kondoo wakitutazama. Aliyekuja na gari naye ajue mapema kwamba zamu yake leo ni ya soda.

Kiti

Ukiingia, tazama kama kuna kibao kinachosema "Please wait to be seated". Kikiwepo, simama hapo, utapelekwa. Kisipokuwepo, meza ni yako kuchagua, mradi haina kadi ya "Reserved". Kadi hiyo mara nyingi huandikwa saa. Ikisema meza inatakiwa saa 1 usiku na sasa ni saa 11, uliza kama unaweza kukaa mpaka wenyewe waje. Meza yenye watu na viti vitupu unaiombea kwa "Is anyone sitting here?"

Kisha tafuta namba ya meza. Inaweza kuwa kwenye kibati kilichopigiliwa pembeni, kwenye kijiwe, au imechongwa kwenye mbao zenyewe. Ishike kichwani. Acha mtu au koti kwenye kiti kabla hujaenda kaunta.

Kuna stuli moja au mbili kwenye kona ya kaunta ambazo hazina kadi wala jina, lakini zina mwenyewe. Ni za mzee fulani anayekuja kila siku saa ile ile. Hakuna sheria inayokukataza kuzikalia. Utaona tu watu wanatazamana.

Mbwa wanaruhusiwa kwenye pabu nyingi, chini ya meza, mara nyingine kando ya moto. Kama hilo ni tatizo kwako kwa sababu ya udhu au woga, ulizia wakati wa kuweka meza. Nyumba nyingi zina chumba cha kulia ambacho mbwa hawaingii. Watoto nao wanakaribishwa wakiwa na mtu mzima, ingawa pabu nyingi huomba waondoke ifikapo saa 3 usiku.

Na lile jambo ambalo watu wetu huniuliza kwa sauti ya chini: je, mweusi anaingia tu? Anaingia. Haikuwa hivyo siku zote. Mpaka sheria ya mwaka 1965 ilipopiga marufuku ubaguzi wa rangi kwenye maeneo ya umma, pabu iliweza kukukatalia kinywaji kwa rangi yako bila kuvunja sheria yoyote, na Februari mwaka huo Malcolm X, mtetezi wa haki za weusi wa Marekani, alikwenda Smethwick, karibu na Birmingham, kujionea hali hiyo, siku tisa kabla hajauawa. Leo kwenye pabu ya kijijini unaweza kugeukiwa na vichwa ukiingia. Salimia kwa kichwa, nenda kaunta. Mara nyingi vichwa vinarudi kwenye glasi zao kabla hujafika.

Kaunta

Waingereza hupanga foleni hata pasipo na sababu, isipokuwa kaunta ya pabu. Pale wanajipanga ubavu kwa ubavu, na foleni iko kichwani: kila mtu anajua nani alifika kabla yake, na mhudumu anajua kuliko wote. Tangu janga la korona baadhi ya pabu zimeanza kuwa na mstari wa kweli, ukiukuta, ufuate. Usipoukuta, tafuta nafasi, simama uonekane, mtazame mhudumu usoni, tulia. Usipunge noti, usipige mluzi, usigonge kaunta kwa sarafu, na lile "psst" letu liache uwanja wa ndege. Akikujia wewe wakati kuna mtu aliyekutangulia, sema "he was before me" na umwonyeshe. Hicho ndicho kitendo kimoja kitakachokufanya uonekane mwenyeji kuliko lafudhi yoyote.

Mhudumu atakuuliza "You all right there?" Usianze kumweleza habari za nyumbani, baridi na mafua. Maana yake ni "nikupe nini?" Akikuita "love", "mate" au, ukiwa Nottingham na Derby, "duck", usijisikie umependwa wala umetukanwa. Ni kama "anko" na "dada" za daladala.

Agiza vyote pamoja, chakula na vinywaji, na uanze na namba: "Could we order some food, please? Table twelve." Kila ombi lina "please" yake na kila glasi inayowekwa mbele yako ina "thank you" yake. Kwa masikio yetu inazidi, lakini asiyesema anaonekana anatoa amri. Nyama ya ng'ombe ya kubanika utaulizwa iiveje. Kwa waliozoea nyama choma, jibu ni "well done", na ukisema "medium" usishangae kuona damu.

Utalipa hapo hapo kwa kadi au simu. Baadhi ya pabu hazipokei pesa taslimu siku hizi. Ukitaka kulipa mwishoni, omba wakufungulie bili. Wataiweka kadi yako rehani au kuisoma kwenye mashine. Kama huna sura ya kikongwe, beba kitambulisho: umri wa kununua pombe ni miaka 18, lakini pabu nyingi humwomba kitambulisho yeyote anayeonekana hajafika 25.

Halafu wanakupa kitu cha kuweka mezani ili chakula kikujue. Mara nyingi ni mwiko wa mbao ulioandikwa namba. Nilipoupokea mara ya kwanza nilidhani natakiwa kwenda kusonga.

Menyu, na yaliyojificha ndani yake

Mlo mkuu wa nyumba hizi ni "Sunday roast", na kama utakula mara moja tu, kula Jumapili. Ni nyama iliyookwa, ya ng'ombe, kondoo, nguruwe au kuku, imekatwa vipande vyembamba, ikiandamana na viazi vya kuoka, karoti, kabichi au mboga nyingine za msimu, na mchuzi mzito wa rangi ya kahawia uitwao "gravy". Juu yake kuna kitu kilichofura kama bakuli la mkate. Hiyo ni Yorkshire pudding. Jina lisikudanganye, haina sukari. Ni unga, mayai na maziwa vilivyokorogwa vikaumukia ndani ya mafuta ya moto. Kazi yake ni kushika mchuzi, kama chapati. Mchuzi ukikauka omba zaidi bila aibu, kila mtu anaomba. Bei hubadilika sana, lakini jiandae kwa pauni 15 hadi 25 kwa sahani.

Kila nyama ina kitoweleo chake na Waingereza hawachezi na hilo: kondoo kwa sosi ya nanaa, nguruwe kwa rojo la tufaha, ng'ombe kwa "horseradish", mzizi mweupe uliosagwa unaopanda puani mpaka machozi. Wanaosema chakula cha Kiingereza hakina ukali hawajaonja huo, wala haradali yao ya njano. Chukua ncha ya kijiko. Mimi nilichukua kijiko.

Ijumaa watu wengi hula samaki na chipsi. Samaki ni cod au haddock, mkubwa kuliko sahani, amevikwa unga na kukaangwa, pembeni kuna njegere zilizopondwa, ndimu na siki. Chipsi zao ni zetu zile zile, nene zaidi. Neno "crisps" ndilo la zile za pakiti. Kisha zipo pai. Pai ya kweli ina ganda chini, pembeni na juu. Bakuli la mchuzi lililofunikwa kipande cha ganda juu tu ni kisa cha ugomvi wa muda mrefu baina yao, na mimi niko upande wa wanaosema wameibiwa. "Shepherd's pie" na "cottage pie" hazina ganda kabisa: ni nyama ya kusaga iliyofunikwa kwa viazi vya kuponda, ya kwanza ya kondoo, ya pili ya ng'ombe. "Ploughman's lunch" ni jibini, mkate, achari na tufaha. Jina linasikika la kale, ila lilienezwa na wafanyabiashara wa jibini baada ya vita vya pili vya dunia.

Sasa kwa asiyekula nguruwe wala kugusa pombe, soma aya hii mara mbili. Nguruwe hajaandikwa kila alipo. Soseji za "bangers and mash" ni zake, isipoandikwa vinginevyo. "Gammon" ni paja lake. "Scotch egg" ni yai lililovikwa nyama ya soseji yake. "Stuffing" inayoletwa pamoja na kuku mara nyingi ina soseji ndani, "pigs in blankets" ni soseji iliyofungwa kwa bekoni, "pork scratchings" za pakiti ni ngozi, na "black pudding" ni damu. Pombe nayo imo: pai ya "steak and ale" imepikwa kwa bia, samaki wa "beer batter" amevikwa unga uliokorogwa kwa bia, na mchuzi mwingine una divai. Viazi vya kuoka vinaweza kuwa vimepikwa kwa mafuta ya bata bukini au ya nguruwe, na sehemu nyingine, hasa Yorkshire, chipsi hukaangwa kwa mafuta ya ng'ombe. Nyama yenyewe si halali mpaka pabu iseme hivyo.

Kinachobaki si kidogo. Uliza samaki wa kuoka au wa kubanika. Tafuta herufi V kwa vyakula visivyo na nyama na VG kwa visivyo na kitu chochote cha mnyama: pai ya uyoga, "nut roast" ya karanga na mbegu inayokuja na mboga zote za Jumapili, au kiazi kikubwa cha kuokwa na ganda lake, chenye maharage na jibini. Maswali ya kuuliza ni mawili: "Is there any pork or lard in it?" na "Is it cooked with alcohol?" Huwasumbui. Sheria inawataka wawe na taarifa za viambato 14 vinavyoleta mzio (aleji), kuanzia karanga hadi samakigamba, kwa hiyo wamezoea kufungua daftari na kuangalia. Swali ambalo hawalizoei ni kama kikaango cha chipsi ndicho kilichokaangiwa soseji. Liulize hata hivyo.

Au nenda pabu za Wapunjabi, "desi pubs", hasa Smethwick, West Bromwich na Birmingham. Baadhi zilichukuliwa na jamii ile ile iliyokuwa ikikataliwa milangoni, wakaweka tanuri na makaa. Bia ni ya Kiingereza, sahani ni ya chuma, inafika mezani ikipiga kelele, imejaa kuku na mishkaki. Na kwa wale wa nyumbani kuna tuzo zaidi: kwenye maeneo ya Wahindi waliotoka Afrika Mashariki, kama Harrow, Wembley na Leicester, menyu ina kitu kiitwacho "mogo". Ni muhogo wetu, umekaangwa na kutiwa pilipili. Mwambie mwenye duka jina lake kamili uone atakavyotabasamu.

Mwishoni, "pudding" maana yake ni kitu kitamu chochote cha kumalizia. Agiza "sticky toffee pudding". Ni keki laini nyeusi iliyozamishwa kwenye sosi ya sukari na malai, na siri yake ni tende. Mtu wa pwani anaitambua kwa tonge la kwanza.

Kinywaji

Maji ya bomba ni bure ukiomba, kwa mujibu wa masharti ya leseni: "a jug of tap water, please." Asiyekunywa pombe ana tangawizi ya chupa, ambayo ni ndugu wa Stoney, maji ya ndimu na soda kwa bei ndogo, na sharubati ya maua ya "elderflower". Bia zisizo na kileo ziko kila mahali, ila soma lebo: nyingine ni 0.0, nyingine zina 0.5. Ukiomba "lemonade" utapata soda nyeupe yenye gesi, si juisi ya ndimu.

Kwa anayekunywa, painti ni mililita 568, imezidi chupa yetu ya nusu lita, na nusu painti ipo, haina aibu. Toti ya pombe kali ni mililita 25 au 35. Jaribu bia ya mpini, ile inayovutwa kwa mkono kutoka pipani. Watu husema Waingereza wanakunywa bia ya moto. Si kweli, ni nyuzi 11 hadi 13, ubaridi wa ghala la chini. Ni kama tembo la mnazi: iko hai, inaendelea kuchachuka ndani ya pipa, na pipa likishafunguliwa lina siku chache tu. Miaka ya 1960 ilikuwa inakufa kwa sababu viwanda vilipenda bia isiyohitaji uangalizi. Wanywaji wenyewe wakaunda chama cha CAMRA mwaka 1971 kuitetea. Omba uonjeshwe kabla ya kununua, utapewa kidogo kwenye kiglasi. Ikija ina ladha ya siki, irudishe kimya kimya. Watakubadilishia bila mabishano.

Raundi

Mkiwa watu wanne, mmoja ananunulia wote, kisha wa pili, mpaka wa nne. Raundi unaijua. Usichokijua ni kwamba hakuna atakayekukumbusha zamu yako. Watakunywa, watacheka, watakuaga vizuri, na hawatasahau kwa miaka kumi. Ukijua utaondoka mapema, nunua ya kwanza. Glasi zikibaki robo, ndio wakati wa kuinuka na kuuliza "Same again?"

Kama dini yako haikuruhusu kuwanunulia wengine pombe, jitoe mwanzoni kabisa kwa "I'll get my own, thanks", na ulete kripsi. Pakiti haishikwi mkononi: inachanwa ubavuni, inatandazwa katikati ya meza ikiwa wazi, kila mtu anachota. Katika nyumba nzima hiyo ndiyo sahani pekee inayoliwa kwa mtindo wa sinia. Vingine vyote, kila mtu na chake, na mkono wako ukienda kwenye chipsi za jirani uombe kwanza.

Mezani

Visu, uma na sosi mara nyingi viko kwenye meza ya pembeni, chukua mwenyewe. Wanasubiriana mpaka kila mtu apate sahani ndipo waanze. Chipsi na baga unaweza kula kwa mkono, nyama ya Jumapili ni kisu na uma. Ukimaliza, viweke sambamba katikati ya sahani, la sivyo sahani haitaondolewa.

Ukiwa na tonge la pili mdomoni, mhudumu atatokea kuuliza kama chakula kiko sawa. Waingereza hujibu "lovely, thanks" hata kama viazi ni vibichi, kisha wanalalamika njia nzima. Wewe sema. Samaki baridi, nyama isiyoiva, sahani isiyo yako: wakati wa kusema ni huo, kwa upole, kabla hujala nusu. Kilichobaki unaweza kuomba boksi ukaondoka nacho.

Bahashishi

Ukiagiza kaunta, hudaiwi bahashishi. Ukihudumiwa mezani kwenye chumba cha kulia, asilimia 10 ni uungwana. Tazama risiti kwanza: sehemu nyingi, London hasa, huongeza asilimia 12.5 ya huduma, na kama imeandikwa "discretionary" unaweza kuomba iondolewe. Tangu Oktoba 2024 sheria inamtaka mwajiri awape wafanyakazi bahashishi yote. Desturi ya zamani ya kaunta ni nzuri kuliko zote: unapolipa unamwambia mhudumu "and one for yourself". Atajikatia thamani ya kinywaji kimoja, ataweka kando, na raundi inayofuata utaona jinsi anavyokuona haraka.

Kengele

Karibu na saa 5 usiku kengele inagongwa kaunta. Ya kwanza ni "last orders": mwenye kiu akimbie. Ya pili ni "time", hakuna tena kinachouzwa, na mna kama dakika 20 za kumalizia mlichonacho. Taa zitaongezwa mwanga. Stuli zitaanza kupanda juu ya meza.

Kusanya glasi tupu za meza yenu, zibebe mpaka kaunta, ziweke, sema "cheers". Hakuna aliyekuagiza, na wengine hawafanyi. Mhudumu atakujibu "See you later", na kama wewe ni kama mimi wa siku zile, utasimama mlangoni ukijiuliza mmepanga kukutana saa ngapi. Hamjapanga. Ni "tutaonana" ile ile yetu.